Herufi za Mama Tineke

Wairimu mwanangu,

Umeondoka asubuhi na baba yako kwenda Kiriaini kumuaga cucu wako, mama yake, na mimi nilisema siwezi kuja kwa sababu ya ng'ombe. Si kweli. Mama Njeri angemkamua, ameshamkamua mara nyingi. Nilitaka kubaki na meza yote peke yangu, tena mchana, maana siku hizi macho yangu hayapatani na taa.

Sitakuandikia habari ya sweta. Wala ya kula, wala ya kanisa, wala ya wavulana. Shangazi zako walikuambia hayo yote Jumapili, kila mmoja kwa zamu yake, na nilikuona ukiitikia kwa kichwa huku ukimenya viazi. Kesho kule uwanja wa ndege tutakuwa watu wengi na kila mtu atakuwa anapiga kelele. Kwa hivyo naona nikuandikie leo.

Na utashangaa kwamba naandika Kiswahili. Kikuyu ndicho tunachoongea humu ndani, lakini kalamu yangu haikijui. Nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima, na wote walionifundisha tulielewana nao kwa lugha hii tu.

Hiyo Jumapili ulileta lebo za kufunga kwenye sanduku, zile zilizotoka kwenye chuo chako huko Uholanzi. Baba yako mdogo Gathogo alivaa miwani, akasoma, akaanza kucheka.

"Oneni hawa watu. Wameandika Kenia. K, e, n, i, a. Hata jina ya nchi yetu hawajui, na ati ndio wanaenda kumfundisha!"

Watu wakacheka. Wewe ukamwambia labda ni mashine ilikosea, utawaandikia warekebishe. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nimebeba sufuria, nikasema, "Hawajakosea. Wao huandika hivyo."

Mkaniangalia nyote. Ukauliza, "Mami, umejuaje?" Nikasema maziwa yanafurika, nikatoka. Hakukuwa na maziwa jikoni.

Nimejua kwa sababu Kenia ndilo neno la kwanza nililolisoma maishani mwangu. Lakini nikikuambia nililisoma wapi, lazima kwanza nikuambie kilichonipeleka huko, na hicho ndicho kimenifanya nitafute maziwa yasiyokuwepo.

Jina la guka wako, baba yake baba yako, unalijua, Muriuki. Msalaba wake uko kule Kiriaini, mbele ya nyumba. Usichojua ni kwamba kulikuwa na mwingine aliyepewa jina hilo. Alikuwa mtoto wetu wa kwanza, mimi na baba yako. Alizaliwa wakati watu walikuwa bado wanaimba nyimbo za uhuru barabarani. Alikuwa na kichwa kikubwa na miguu ya kukimbia. Maneno yake yalikuwa machache, na moja lilikuwa "ngari", kila aliposikia lori la baba yake likipanda mlima. Surua ikamshika. Tulimpeleka hospitali akiwa anapumua na tukarudi naye amefunikwa. Alikuwa hajafika miaka mitatu. Tukamzika kwenye shamba la guka wako, sehemu ya chini, karibu na mto.

Sikulia. Sikuwa najikaza, kilio tu hakikuja. Niliona midomo ya watu ikisogea, nikawa naitikia. Baada ya maziko niliosha vyombo vyote, hata ambavyo havikuwa vyetu. Nikamsikia mama mmoja akimwambia mwenzake kwamba mimi nina moyo wa jiwe. Hata hilo halikuniuma. Kwa miezi mingi baadaye nikiguswa na sufuria ya moto nilikuwa naona alama kwanza, halafu uchungu unafuata polepole kama mtu anayetoka mbali.

Halafu guka wako akapata miche ya chai. Wakati huo kila mtu kule juu alikuwa anapanda chai, na sehemu ile ya chini ndiyo ilikuwa nzuri. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikusema kitu. Nilipoenda tena, mistari ilikuwa imepita kila mahali, na sikujua tena ni wapi. Nilisimama kidogo, nikarudi nyumbani kuchambua maharagwe.

Baba yako alikuwa dereva wa lori la mchele kule Wang'uru, Mwea. Alikuwa analala huko, anakuja mwisho wa wiki. Akija tunaongea habari ya matairi. Siku moja akaniambia kuna mhandisi wa maji kwenye mashamba ya mpunga, Mholanzi, mke wake anakaa Nyeri mjini na anatafuta mtu wa kumsaidia.

"Enda," akasema. "Ukikaa hapa utaisha."

Nikaenda.

Yule mama alikuwa mrefu, mwembamba, nywele zimeanza mvi ingawa hakuwa mzee. Joto la Mwea hakuliweza. Alisema lilimkumbusha mahali pengine, ndiyo maana mume wake alikuwa anashuka huko Jumatatu na kupanda Ijumaa, na yeye akibaki mjini kwenye baridi. Asubuhi ya kwanza nilimwita memsaab. Akakataa.

"Mimi si memsaab. Mimi ni Tineke."

Sikuweza kumwita mtu mzima kwa jina tu. Nikaanza kumwita Mama Tineke, na mji mzima ukafuata. Hakuwa na mtoto. Lakini kwetu ukiitwa Mama Fulani basi Fulani yuko, kwa hivyo kule sokoni wanawake walikuwa wanamuuliza Tineke yuko wapi, amekua? Yule Mhindi wa duka la vitambaa siku moja akampa peremende. "Hii ni ya Tineke," akasema. Mama Tineke akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, tukatoka nje, akaifungua akaila mwenyewe barabarani. Hakucheka, wala mimi sikucheka.

Kitu kingine cha asubuhi ile ya kwanza. Aliniuliza jina langu, nikamwambia Wanjiku. Baada ya chai akaniuliza tena. Baadaye akaja jikoni akauliza mara ya tatu, na kalamu mkononi, akaandika kwenye kiganja chake. Nilipojua kusoma nilikuja kuona alivyokuwa akiliandika: Wanjikoe. Kabla ya hapo, nilipokuwa msichana, nilichuma kahawa kwenye shamba la Mwingereza, na mke wake alikuwa anatuita sisi sote Mary. Mary lete kikapu. Mary njoo. Huyo hakukosea herufi hata moja. Huko unakoenda watakosea jina lako, Wairimu. W yao iko karibu na v, na mwishoni wataweka herufi mbili mahali ambapo sisi tunaweka moja. Zamani nilikuwa nadhani kila anayekosea jina lako anakudharau, na nilinunia watu wengi bure. Angalia kama anauliza tena. Mimi siku hizi naangalia hilo tu.

Siku za mwanzo aliniuliza, "Una watoto?" Nikamwambia, "Sina." Akaitikia. Hatukuongea hayo tena.

Sebuleni kulikuwa na ramani ya dunia, ya kitambaa kigumu, ile ya kutundikwa shuleni. Ilikuwa ya baba yake, aliyekuwa mwalimu. Kila Jumanne nilikuwa naipangusa vumbi. Nilipangusa wiki nyingi bila kuuliza, halafu siku moja nikauliza tu, sijui kwa nini.

"Sisi tuko wapi hapa?"

Alikuwa anaandika barua. Akainuka. "Hujui kusoma?"

"Sijui."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akashika kidole changu, kitambaa cha vumbi kikiwa bado mkononi, akakiweka mahali. "Hapa. K, e, n, i, a. Kenia."

Nchi yenyewe ilikuwa ndogo kama biskuti, rangi ya pinki. Nikaangalia zile herufi tano, nikazisema. Dirishani mlima ulikuwa umefunikwa na mawingu kama kawaida. Sitakudanganya kwamba nilifurahi. Lakini kesho yake nilipokuwa nafua nilijikuta nazisema tena, na ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kichwa changu kushika kitu bila kulazimishwa.

Ndivyo tulivyoanza. Kila mchana baada ya vyombo, nchi mbili au tatu. Baada ya Kenia tukaenda kwa jirani, na jirani akanishinda.

"Oeganda," nikasoma, nikiitamka kila herufi.

"Hapana. Kwetu hizi mbili, o na e, zikikaa pamoja ni u. Uganda."

"Kwa nini msiandike u?"

"U yetu ina sauti nyingine." Akabana midomo kama mtu anayepuliza moto, akaitoa. Nilijaribu, tukaacha.

Basi nikajua Oeganda ni Uganda, na Soedan ni Sudan. J yao ni y yetu, kwa hivyo Japan wanaisema Yapan. Nchi ya Chad inaanza na herufi tatu kabla hujafika popote, t, s, j, Tsjaad, zote tatu kwa ajili ya sauti ambayo sisi tunaimaliza kwa ch. Nilimwambia hiyo ni kupoteza wino. Akasema ndiyo, ni kweli.

Ethiopia kwenye ramani ile ya zamani iliitwa Abessinië. Nikamwambia baba yangu alibeba mizigo ya jeshi huko wakati wa vita, na mpaka leo anaiita Abisinia. "Basi baba yako anasema kama sisi," akasema. Nikauliza zile nukta mbili juu ya e ya mwisho ni za nini. Zilikuwa mahali pengi: Somalië, Italië, Joegoslavië.

"Zinasema hii e isome peke yake. Isishikane na i."

Halafu kulikuwa na nchi za karibu na kwao, ambazo hazikufanana na chochote nilichowahi kusikia. Ujerumani ni Duitsland. Ugiriki ni Griekenland. Ufaransa ni Frankrijk, na hiyo rijk ni kama kusema milki. Nikamuuliza kwa nini sisi hatuitwi Kenialand. Akafikiri.

"Wale ni jirani zetu wa zamani. Tuliwapa majina sisi wenyewe, kabla hata wao hawajatuambia wanajiitaje. Nyinyi tulisikia jina lenu kwa wengine, tukalivisha nguo zetu."

"Hata sisi tumewavisha," nikamwambia. "Nyinyi ni Uholanzi."

"Uholanzi!" Alipenda sana hilo neno. "Hii u ya mbele mlitupa ya nini?"

"Tunawapa watu wengi. Uingereza, Ureno, Urusi."

"Na Kenya?"

"Kenya haina."

"Kwa nini haina?"

Sikujua. Mpaka leo sijui. Wewe uliyesoma labda unajua.

Ilikuwa wakati wa nchi kubadilika majina. Magazeti kutoka kwao yalikuwa yanafika kwa posta yakiwa yamechelewa, na mume wake alikuwa anamkatia habari: nchi fulani imepata uhuru, sasa inaitwa hivi. Ramani ilikuwa imebaki nyuma sana. Goudkust ilikuwa Ghana. Noord-Rhodesië ilikuwa Zambia. Betsjoeanaland, neno refu kuliko nchi zote, likawa Botswana. Mama Tineke akaamua kuirekebisha. Akakata vipande vyembamba vya karatasi nyeupe, nami nikapika gundi ya unga wa ngano. Lakini mkono wake ulikuwa unatetemeka, ulitetemeka tangu utotoni kwa ugonjwa wa njaa, na herufi ndogo zilimshinda. Kwa hivyo yeye akawa anaandika jina kubwa kwenye karatasi ya kando, na mimi nalinakili kwa wino kwenye kipande, halafu tunabandika. Tanzania niliiandika mimi. Malawi, Zambia, Botswana. Ilinichukua majuma mengi. Mkono wangu ulijua kazi yake na sikuwa nafikiri.

Tukamaliza Afrika, tukahamia upande wa kulia. Pale chini, kwenye bahari, kulikuwa na visiwa vingi vimeandikwa jina moja refu la kizamani: Nederlandsch-Indië. Akaniandikia jina jipya, nikalinakili: Indonesië, pamoja na nukta zake mbili. Nikapaka gundi. Nikamnyooshea. Hakupokea.

Nilisubiri. Gundi ikaanza kukauka.

"Nilizaliwa hapa," akasema. "Kisiwa hiki, Java. Baba alikuwa anafundisha huko. Vita vilipokuja Wajapani walituweka kambini, mama, mimi na ndugu yangu mdogo. Wim. Hakukuwa na chakula. Wim alikufa, alikuwa na miaka minne. Vita vilipokwisha wenye nchi wakataka nchi yao, na walikuwa na haki, mimi nasema walikuwa na haki. Sisi tukapanda meli. Baba hakulitaja hili jina jipya mpaka akafa. Mama alikuwa anasema, Wim yuko Indië. Nikimwambia, Mama, siku hizi ni Indonesië, ananijibu, huko simjui mtu."

Aliyasema hayo kama mtu anayesoma tangazo. Sauti ile niliijua. Nilikuwa nayo mimi.

Nikasema, "Wangu anaitwa Muriuki."

Lilitoka tu. Tangu siku ya kumzika sikuwa nimelitaja, na hapo nyumbani kwetu hakuna aliyelitaja, maana hata guka wako walianza kumwita Baba Ndegwa, kwa jina la mtoto wake, ili jina lile lisisikike mbele yangu. Mama Tineke alikuwa amesikia kwa masikio yake nikisema sina mtoto. Hakuniuliza kitu. Alichukua kipande kingine cha karatasi akakisukuma mbele yangu.

"Andika."

"Sijui. Haliko kwenye ramani."

"Unajua. Sikiliza sauti, uandike unachosikia."

Nikaandika. Nilikuwa na herufi za aina moja tu za kuandikia, zile alizonipa. Nikaandika m, halafu sauti ya u, ambayo kwangu ilikuwa o na e, halafu r na i, halafu o na e tena, k, i. Moerioeki. Nikamgeuzia.

Akasoma kwa sauti, "Muriuki." Sawasawa kabisa, jinsi nilivyokuwa nikimwita akivuka kizingiti. Mtu aliyekuwa hajamwona kamwe.

Siku hiyo pia sikulia. Nilimuuliza kama nimenye viazi vya jioni, akasema ndiyo, nikaenda nikamenya. Kile kipande nilikitia mfukoni mwa aproni, na Alhamisi kikafuliwa pamoja nayo. Kesho yake nilipofika kazini niliona Indonesië imeshabandikwa. Alikuwa ameibandika mwenyewe, kwa mkono wake ule.

"Imepinda," nikamwambia.

"Wacha ipinde."

Walikaa Nyeri muda kidogo tena, halafu kazi ya mumewe ikaisha wakarudi kwao. Usimtafute huko. Miaka michache baadaye mume wake alinitumia kadi kwamba Mama Tineke amekufa. Nilipoisoma nilikamua ng'ombe, nikapeleka maziwa barabarani, nikaenda darasani.

Darasani, maana nilikuwa nimeingia ngumbaru, ile shule ya watu wazima iliyokuwa kanisani hapa Kiganjo. Wewe ulikuwa unatambaa, nilikuwa naja nawe mgongoni. Mwalimu alikuwa kijana mzuri, mwenye subira. Siku ya kwanza akauliza nani anajua kuandika chochote, nikaenda ubaoni nikaandika Oeganda.

"Hii ni nini, mama?"

"Uganda."

"Nani alikufundisha?"

"Mzungu."

"Mzungu gani huyo hajui kuandika Uganda?" Darasa likacheka, na yeye akaona haya, akaniomba msamaha. Akasema tuandike majina ya watoto wetu. Wenzangu walikuwa hawajui hata kushika chaki. Mimi niliandika lako, na chini yake nikaandika lile lingine, kwa herufi nilizozijua. Akafuta zile o na e kwa kidole akaweka u mahali pake. Muriuki. "Sasa ni sahihi," akasema.

Ilikuwa sahihi. Tangu siku hiyo nimeandika hivyo. Lakini nilirudi kukaa chini nikiwa sijisikii vizuri, kama mtu aliyepewa mtoto akaambiwa ndiye, na anafanana, ila si yeye. Sijawahi kumwambia mtu jambo hilo kwa sababu ukilisema halina maana. Nakuambia wewe kwa sababu utaishi kwenye herufi zile. Utapita dukani, utaona zile o na e zimekaa pamoja kila mahali, kwenye maboksi na mabango. Mimi nikikuwaza huko nitakuwa nakuwaza katikati yake.

Ulipozaliwa wewe nilikuogesha vizuri, nikakulisha vizuri, nikakuvisha kuliko watoto wote wa kijiji. Lakini kwa muda mrefu nilikuita "wewe" tu. Cucu wako ndiye aliyekuwa anakuita Wairimu, kwa sababu ni jina lake na alipenda kulisikia. Mimi niliona nikilizoea litachukuliwa. Ulikua mtoto wa kunyamaza. Watu wakakusifu kwa utulivu, nami nikapokea sifa hizo kana kwamba nilikufundisha jambo jema. Nilikuwa sijakufundisha kitu, ulikuwa unaishi tu katika nyumba ambayo watu wazima hawaongei.

Na hili linaweza kukupata hata bila kifo. Utaamka siku moja huko na husikii baridi, hutamani nyumbani, chakula hakina ladha nzuri wala mbaya, na utajiambia umezoea. Mimi nilidhani nimezoea. Nilikaa hivyo karibu ujana wangu wote. Sina dawa ya kukupa. Najua tu kwamba kwangu mimi kilichosaidia kilikuwa kazi ndogo ya mikono, karibu na mtu asiyenihimiza.

Sasa habari ya baba yako.

Karatasi zako zilipofika mwezi uliopita nilimwambia sitaki uondoke bila kujua ulikuwa na kaka. Alikuwa amelala chini ya lori, nje hapo. Nilisikia chuma kikigongana na chuma.

Halafu akasema, akiwa bado huko chini, "Nitampeleka nimwonyeshe."

"Umwonyeshe nini? Chai yote ni sawa. Hakuna mtu anajua ni wapi."

"Mimi najua."

"Unajuaje?"

"Kila nikienda kumwona mama napita pale. Nasimama kidogo. Halafu naenda."

Zaidi ya miaka ishirini, Wairimu. Kila mwezi alikuwa anaenda Kiriaini na sukari ya cucu wako, anarudi jioni, nampa chakula, ananiambia habari ya barabara. Nilikuwa na hakika kwamba alisahau. Nililala kando yake nikiwa na hakika hiyo.

Nikamuuliza, "Mbona hukuniambia?"

Akatoka chini ya lori. Alikuwa na grisi usoni. Alipangusa mikono muda mrefu sana, kidole kimoja kimoja.

"Wewe hukulia," akasema. "Nilidhani hutaki kuguswa hapo. Mimi niko na huzuni yangu, naibeba mwenyewe, sikutaka kukuongezea."

Nikamwambia sawa. Nikaingia ndani. Hatujaongea zaidi ya hapo, lakini usiku akija kulala siku hizi hunigusa bega kabla ya kugeuka, kitu alichokuwa ameacha.

Kwa hivyo leo hamkwenda kumuaga cucu tu. Alikuwa aondoke nawe mteremke shambani, akuonyeshe. Aliniambia atafanya hivyo akipata nguvu, na kama hatapata nisimuulize. Nimekaa hapa tangu asubuhi sijui. Kama hakuweza, usimkasirikie. Ukirudi likizo mwombe mwenyewe, utaona hatakataa.

Nimeacha kuandika kidogo, nimesikia lori. Jua linateremka na mvua imepita huko juu, naona kwa jinsi barabara inavyong'aa. Mmeshafika kwenye geti. Baba yako anafungua, wewe unateremka na kikapu alichokupa cucu. Kutoka barabarani mpaka mlangoni kwa cucu wako ni kokoto tupu, mtu anafika na viatu safi hata mvua ikinyesha wiki nzima.

Viatu vya baba yako vina udongo mwekundu mpaka kwenye vifundo. Sasa unapita hapa dirishani. Vyako pia.

Mama yako,
Wanjiku